Kumtafutia Mzazi Taarifa za Kisukari Mtandaoni

Mzazi anapoambiwa kliniki kwamba ana kisukari, mara nyingi mtoto aliye mjini, mwenye simu na bando, ndiye anayepewa kazi ya kuusoma ugonjwa huo mtandaoni. Kazi hii ina ugumu wake, kwa kuwa anayesoma siye anayeumwa: hakuwapo daktari alipozungumza, hajaiona dawa, na hofu yake humsukuma kutafuta mambo ambayo mgonjwa hakuyauliza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya kufungua ukurasa wowote.

Anza kwa kumwuliza mgonjwa mwenyewe anataka kujua nini. Wapo wazee wanaotaka kuelezwa kila kitu, na wapo ambao swali lao ni moja tu, kama vile iwapo wanaweza kuendelea kula ugali, na swali hilo linastahili kujibiwa kabla ya yale unayoyaona wewe kuwa mazito. Akikubali, anayekaa naye apige picha ya daftari la kliniki na ya boksi la dawa, akutumie wewe peke yako, si kwenye kundi la ukoo. Majibu ya vipimo ni siri ya mgonjwa, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya (2019) na Tanzania (2022) zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kwenye boksi, tafuta jina la kiambato, yaani dawa halisi iliyomo, ambalo aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, na uliandike kama lilivyo. Hata jina hilo hubadilika kwa nchi: dawa inayoitwa glibenclamide hapa kwetu huitwa glyburide katika kurasa za Marekani.

Hatari kubwa zaidi imo katika vizio vya kipimo. Mashine nyingi za sukari katika Afrika Mashariki husoma milimoli kwa lita, ilhali kurasa za Marekani hutumia miligramu kwa desilita, na ili kupata kizio cha pili huna budi kuzidisha cha kwanza kwa 18. Mzazi anayesema amepima akapata 9 ana takribani 162 kwa hesabu ya Marekani. Mtoto asiyejua tofauti hiyo, akisoma kwamba sukari iliyo chini ya 70 imeshuka kupita kiasi, anaweza kumwambia mzazi huyo anywe soda haraka, ilhali sukari yake tayari iko juu. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu wa miezi miwili hadi mitatu, nacho kina sura mbili: asilimia 6.5 ndiyo 48 ya kurasa za Uingereza. Uliza pia kama mzazi alipima kabla ya kula au baada ya kula, kwani bila hilo namba haina maana kamili.

Ukishajua unachotafuta, nenda moja kwa moja kwenye tovuti za Shirika la Afya Duniani, Wizara ya Afya ya nchi yako, NHS (huduma ya afya ya taifa ya Uingereza), au MedlinePlus ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo ina baadhi ya maelezo kwa Kiswahili. Angalia tarehe ya ukurasa kuhakikiwa na watu wanaolengwa, kwa sababu viwango anavyowekewa mjamzito sivyo anavyowekewa mzee wa miaka 75. Matokeo ya juu yaliyolipiwa, pamoja na majibu ya akili bandia, yasikutoshe mpaka umefungua chanzo chenyewe. Ukurasa unaoahidi kuponya kisukari kwa mlonge au mdalasini, kisha ukatoa namba ya kuagizia dozi, ufunge. Ikiwa mzazi tayari anatumia mitishamba, usimgombeze. Mwombe aitaje kliniki, kwani baadhi yake huweza kushusha sukari pamoja na vidonge.

Wakati mwingine kutafuta hakufai kabisa. Mgonjwa anayetumia dawa za kushusha sukari akianza kutokwa jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, apewe kitu chenye sukari mara moja. Akiwa hajitambui, asitiliwe chochote mdomoni, apelekwe hospitali.

Unaporudisha majibu, mpigie simu badala ya kumtumia viungo vya kurasa, na utenganishe wazi ulichokisoma na unachokidhani. Usibadilishe dozi wala kusimamisha dawa kwa ulichosoma. Geuza usomaji wako kuwa maswali mawili au matatu, yaandikwe kwenye daftari lile lile la kliniki, na umwombe mzazi ruhusa ya kuwa hewani kwa simu siku atakapomwona daktari, ili majibu uyasikie mwenyewe.