Kukadiria vifo vya mwaka ujao katika chama cha kuzikana

Hapa Mombasa vyama vingi vya kufa na kuzikana hupanga mchango kwa kutazama mwaka uliopita: walikufa wanne, basi tuchange ya wanne. Mimi ni mweka hazina, na hesabu hiyo imeshatuaibisha mara mbili. Sasa nafanya hivi.

Hatua ya 1: Umri. Kazi kubwa iko hapa. Tazama kitambulisho, usiulize. Ukiuliza utapata 60, 65 na 70 tele, na wa 63 hutapata hata mmoja. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, andika sabini, yatosha." Ndiyo maana natumia makundi mapana ya umri, kosa la miaka miwili mitatu humezwa humo.

Hatua ya 2: Viwango vya vifo, yaani katika kila watu elfu wa umri fulani hufa wangapi kwa mwaka. Wanachama wetu 500 ni wachache mno kutoa viwango vyao wenyewe, kwa hiyo azima majedwali ya vifo yanayotokana na sensa ya 2019. Usitegemee daftari la serikali la usajili wa vifo peke yake: aliyefia nyumbani akazikwa kabla ya alasiri huenda asiandikwe kamwe, na kiwango kikaonekana kidogo. Kipimo cha haraka cha kukagua jedwali ni kanuni ya mwanahisabati Mwingereza Benjamin Gompertz ya 1825: kwa watu wazima, hatari ya kufa hujirudufu takriban kila miaka 8. Jedwali likikuonyesha wa miaka 60 wanakufa kidogo kuliko wa 50, limeharibika.

Hatua ya 3: Zidisha. Kwa viwango vya mfano: watu 300 wa miaka 30–49 kwa 5 katika elfu ni 1.5, watu 150 wa 50–64 kwa 12 ni 1.8, wazee 50 kwa 54 ni 2.7. Jumla 6.

Hatua ya 4: Miaka ya mbele. Wataalamu hutumia modeli ya Lee na Carter ya 1992, inayovuta mbele mwelekeo wa zamani. Wao walikuwa na takwimu za Marekani tangu 1933. Sisi hatuna mfululizo mrefu hivyo. Tena mwelekeo hugeuka: aliyevuta mstari wa Kenya ya miaka ya 1980 hakuuona UKIMWI wa miaka ya 1990. Mimi sivuki miaka mitatu.

Hatua ya 5: Upana. Sita ni wastani tu. Kwa bahati peke yake, vifo vyaweza kuwa 2 au 11. Sisi tunachanga ya sita, na akiba tunaijaza hadi itoshe kumi na moja. Hapo nimechukulia kila mtu anakufa kivyake. Wanachama thelathini wakipanda basi moja kwenda matangani, hesabu hii haiwahusu.