Jinsi ya kutengeneza ekstensheni ya brauza ikuingizie hela

Kwanza ujue Chrome Web Store, yaani duka la Google la ekstensheni (viprogramu vya kuongezea kwenye brauza), haikukusanyii hela. Zamani walikuwa na malipo yao humohumo ila Google walianza kuyafunga 2020, ikafika 2021 basi tena, kwahiyo we mwenyewe ndo unatafuta pa kupokelea, na hilo ulimalize kabla hujaandika hata mstari mmoja wa code (maandishi ya programu).

Haya, chagua kazi. Iwe ndogo na iwe ya mtu ambaye muda wake una bei. Mfano mhasibu anayefungua ukurasa wa sapulaya kila asubuhi na kunakili jedwali kwenda Excel safu kwa safu, huyo ukimpa kitufe kimoja cha kushusha jedwali lote kama CSV (faili la jedwali linalofunguka kwenye Excel) atalipa, tena atawaambia wenzake ofisini. Vitu vya kubadilisha rangi za YouTube vinapendwa sana ila watu hawatoi hela, tusidanganyane.

Kutengeneza kwenyewe sio kazi kubwa kama unajua JavaScript, ile lugha ya kuandikia programu za brauza. Folda moja, ndani faili la manifest.json linaloielezea ekstensheni yako kwa brauza, humo weka manifest_version 3 (2 hawapokei tena), jina, toleo na ruhusa. Nenda chrome://extensions, washa "Developer mode", bonyeza "Load unpacked", chagua folda, ishaingia.

Sasa ruhusa, hapa ndo watu wanaharibu. Ukiandika <all_urls> kwa uvivu, mtumiaji akitaka kuinstoli anatolewa onyo kwamba kitu chako kinaweza kusoma na kubadilisha data zake kwenye tovuti zote, na mhasibu wa watu akiona hivo anafunga, we ungekuwa yeye ungekubali? Kwa kile kitufe cha CSV unahitaji ruhusa mbili tu, activeTab na scripting, maana activeTab inakupa ule ukurasa aliopo pale anapobonyeza mwenyewe, na onyo halitokei kabisa. Alafu usiseme utaongeza ruhusa baadae, kwasababu apdeti ikija na ruhusa mpya yenye onyo, Chrome inaizima ekstensheni mpaka mtu akubali upya, na wengi hawarudi. Kingine, code yote iwe ndani ya zipu unayopeleka dukani, kuvuta skripti toka seva yako Google wanakataa, na kuificha code ili isisomeke pia wanakataa.

Akaunti ya Chrome Web Store ni dola 5 mara moja, Firefox na Edge bure kwahiyo peleka na huko. Andaa ikoni ya 128 kwa 128, skrinshoti za 1280 kwa 800 na ukurasa wa sera ya faragha kama unagusa data za watu. Utaulizwa pia kama we ni mfanyabiashara kwa sheria za Umoja wa Ulaya, ukisema ndio mawasiliano yako yataonekana hadharani, so usiweke namba ya mama nyumbani.

Hela sasa. Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, haifungui akaunti za Tanzania, wengi wetu tunapita kwa Paddle au Lemon Squeezy, wao wanauza kwa jina lao na VAT za nje wanahangaika nazo wao, ila hakikisha mapema wanalipa benki ya nchi yako. Wateja wakiwa Kenya, Paystack inapokea M-Pesa. Paddle na Lemon Squeezy kiwango chao cha kawaida ni asilimia 5 na senti 50 kila muamala. Piga hesabu: ukiuza dola 1 kwa mwezi wanakata senti 55, mwaka mzima dola 6.60 zimeenda kati ya 12. Ukiuza dola 12 kwa mwaka mara moja wanakata 1.10 tu. Mi nasema uza kwa mwaka, ya bure iwe na jedwali moja, ya kulipia ishushe yote ya kwenye ukurasa, mteja apewe namba ya leseni aibandike kwenye settings. Wapo watakaoikwepa, waache, mwenye ofisi hana muda huo.

Watumiaji wakiongezeka zitakuja email za kutaka kuinunua. Uliza anayenunua ni nani. The Great Suspender, ekstensheni iliyokuwa inalaza tabo usizotumia, iliuzwa 2020, Februari 2021 Google wakaizima kwa watu wote kwasababu ilikutwa na code chafu.