Uvimbe wa nyuroendokrini wa pafu: omba usomewe ripoti ya kinyama kabla ya kukubali dawa

Miaka minne nilitibiwa pumu. Nilikuwa na umri wa miaka 41, sijawahi kuvuta sigara, na kila nikipanda ngazi kifua kilipiga mluzi. Pampu ya pumu haikunipa nafuu. Nimonia ilinirudia mara tatu, zote pale pale, sehemu ya chini ya pafu la kulia.

Anzia hapo. Mluzi wa pumu kwa kawaida husikika pande zote mbili za kifua. Ukisikika upande mmoja tu, au nimonia ikirudi mahali pale pale, au ukikohoa damu, muulize daktari kama kuna kitu kimeziba njia ya hewa. Usiishie kusema "kifua kinanisumbua". Taja upande, mara ngapi, tangu lini. Mimi nilikwenda na karatasi ya tarehe za nimonia zote tatu, na karatasi hiyo ndiyo iliyonipatia CT-skani. Eksirei zilizotangulia hazikuwa zimeonyesha kitu, kwani uvimbe mdogo uliomo ndani ya mrija wa hewa hujificha kirahisi.

Baada ya skani huja bronkoskopi: kamera nyembamba inapitishwa hadi kwenye mirija ya mapafu na kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kinachukuliwa. Kama unatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, sema mapema, maana vivimbe hivi vina mishipa mingi na vinaweza kutoka damu vikiguswa.

Sasa twende kwenye ripoti. Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipokaribia kuumizwa.

Nyuroendokrini ni jina la ukoo mzima wa vivimbe vinavyotokana na seli zenye uwezo wa kutengeneza homoni. Kwenye pafu kuna ndugu wanne. Mpatholojia, daktari anayesoma kinyama kwa darubini, huwatofautisha kwa kuhesabu seli zinazogawanyika katika eneo la milimita 2 za mraba, na kwa kutazama kama kuna sehemu zilizokufa. Zikiwa chini ya 2 na hakuna kilichokufa, ni kasinoidi ya kawaida, inayokua taratibu. Zikiwa 2 hadi 10, au kukiwa na madoa ya seli zilizokufa, ni kasinoidi isiyo ya kawaida. Zikizidi 10, tumeingia kwenye saratani kali: ya seli kubwa, au ya seli ndogo. Rangi za maabara zinazoonyesha protini kama kromogranini na sinaptofisini huthibitisha ukoo, lakini peke yake hazikuambii ni ndugu yupi.

Ripoti yangu ya kwanza ilisema saratani ya seli ndogo. Nilipangiwa kemo, dawa kali za kuua seli za saratani, wiki ile ile. Dada yangu ndiye aliyeuliza: saratani inayokimbia namna hiyo, imekaaje miaka minne? Tukaomba kinyama kisomwe na mpatholojia wa pili. Yeye aliona kwamba seli zilikuwa zimepondwa na koleo wakati wa kuchukuliwa, na zikipondwa hata zile za kasinoidi hufanana na za seli ndogo. Akapima Ki-67, kipimo cha kasi ya kukua. Kwenye seli ndogo huwa juu sana, mara nyingi zaidi ya asilimia 50. Yangu ilikuwa chini ya 5. Ilikuwa kasinoidi.

Kwa hiyo uliza maswali matatu: seli zinazogawanyika ni ngapi, kuna zilizokufa, Ki-67 ni asilimia ngapi? Na kama majibu hayaendani na historia yako, omba kisomwe tena. Daktari mwema hachukii.

Kinachofuata ni kujua uvimbe umefika wapi. Kwa kasinoidi, skani ya PET (picha ya mwili mzima baada ya kudungwa dawa yenye mionzi kidogo) yenye galiamu 68 hutafuta vipokezi vya somatostatini, yaani sehemu za kupokelea homoni hiyo zilizo juu ya seli za uvimbe. Kwa zile kali hutumika zaidi PET ya sukari. Homoni hupimwa ukiwa na dalili zake, kama joto la ghafla usoni pamoja na kuharisha, ingawa hizo ni nadra kwa uvimbe wa pafu. Ukipimwa kromogranini kwenye damu, taja kama unameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa sababu huipandisha bure.

Kasinoidi ambayo haijasambaa hutibiwa kwa upasuaji, na tezi za limfu za jirani huchunguzwa pamoja nayo. Muulize mpasuaji kama anaweza kukata kipande cha mrija na kuunga ncha zake, ili pafu libaki kwa wingi. Mimi nilifanyiwa hivyo, na sikuhitaji kemo. Kati ya wenye kasinoidi ya kawaida, takribani 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ikiwa imesambaa, kuna sindano za oktriotaidi au lanriotaidi kila wiki 4, na vidonge vya evarolimusi, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa ugonjwa huu. Seli ndogo ni safari nyingine: kemo ya sisplatini au kaboplatini pamoja na etoposaidi, na mionzi ikiwa bado iko upande mmoja wa kifua. Hapo kuchelewa ni hatari, basi usomaji wa pili uombwe siku ile ile.

Kasinoidi inaweza kurudi baada ya miaka mingi, kwa hiyo skani za ufuatiliaji huendelea hata miaka 10. Kinyama changu bado kimehifadhiwa maabara ndani ya nta. Namba yake nimeiandika nyuma ya kadi yangu ya hospitali, na dada anayo pia.