Somo: Kupima unga usio na lebo kama ni kioksidishaji (someni kabla ya kuuliza)

Kila muhula swali ni lile lile: ghala la maabara limesafishwa, umeonekana mkebe ambao lebo yake imeliwa na kutu, "je, huu ni kioksidishaji?" (yaani kitu kinachooksidisha vingine na kuweza kuchochea moto). Nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namleta hapa.

1. Miwani, glavu, madirisha wazi.

2. Chemsha wanga kidogo wa muhogo kwa maji mengi, upoe. Tia chembe za iodidi ya potasiamu, uchovye vipande vya karatasi ya kuchujia.

3. Tandaza vipande viwili vibichi juu ya kigae cheupe. Kimoja kisiguswe na kitu.

4. Cha pili kitie unga kiasi cha nusu punje ya mchele. Usibanduke hapo. Buluu iliyokoza hadi kukaribia weusi maana yake iodini imetoka, yaani unga umeoksidisha. Sasa sikilizeni: klorini ya bwawa ikizidi, buluu hutokea mara moja kisha karatasi hurudi nyeupe, kwa kuwa iodini nayo imeoksidishwa ikawa iodeti. Aliyegeuka kujibu simu ataandika "hamna kitu". Rudia kwa unga mchache zaidi. Tena hewa na mwanga huigeuza karatasi pole pole hata bila unga. Kile kipande kisichoguswa kikibadilika, tupa vyote uanze upya.

5. Hamna rangi? Tone moja la siki. Lakini unga unaonuka klorini usiutie siki kabisa: utatoa gesi ya klorini.

Mrututu (salfeti ya shaba, ya buluu) pia huitoa iodini, basi unga wa buluu usikubabaishe.

MASWALI

— Sijasoma yote. Naweza kuchanganya na sukari nikawasha, nione?
Hapana. Soma yote.

— Mwalimu, hapa Wete tumepima naitreti ya potasiamu, karatasi imebaki nyeupe. Vitabu vinasema ni kioksidishaji.
Ahsante, hilo ndilo swali. Naitreti kwenye maji baridi ni nzito mno kutenda, haiigusi iodidi. Nguvu yake hutokea ikipata moto. Kwa hiyo nyeupe haimaanishi salama. Uainishaji rasmi wa Umoja wa Mataifa hauangalii rangi: unga huchanganywa na selulosi kavu (nyuzi za mimea), huwashwa kwa waya wa moto, na muda wa kuungua hulinganishwa na mchanganyiko wa brometi ya potasiamu. Hiyo ni kazi ya maabara maalumu, si ya skuli.

— Umesema wanga wa muhogo. Wa mahindi haufai?
Unafaa. Nimetaja uliopo jikoni kwangu.

— Mie natunza bwawa la hoteli Nungwi. Klorini ya chenga naiweka pamoja na dizeli ya jenereta, ghala ni moja tu.
Itoe leo, ndugu yangu. Mafuta na hipokloriti ya kalsiamu, ndiyo kwa kawaida klorini ya chenga, huweza kuwaka bila kiberiti. Na vidonge vya trikloro (klorini ya bwawa ya aina nyingine) viweke mbali na chenga pia.

— Chombo cha kuchotea je? Tunacho kimoja.
Viwili, vikavu, vya plastiki, kila kimoja na ndoo yake.