Maji ya kunywa safarini vijijini Ufaransa

Ukiendesha baiskeli vijijini Ufaransa kwenye njia za changarawe zisizopitiwa na magari, kama ile iliyo kandokando ya mfereji wa Nantes hadi Brest, jaza chupa zako kwenye makaburi ya kijiji. Karibu kila kijiji kina makaburi yake yaliyozungushiwa ukuta, pembezoni au karibu na kanisa, na ndani mara nyingi kuna bomba la kumwagilia maua, ambalo kwa kawaida huunganishwa na maji yale yale yanayotumika majumbani. Hivyo hulazimiki kusubiri duka, ambalo huenda limefungwa mchana au Jumapili, au halipo kabisa. Acha baiskeli langoni na uingie kwa utulivu, kwa kuwa huenda wapo waliokuja kuzuru jamaa zao, na adabu hiyo naiona kuwa ya lazima. Usinywe palipoandikwa «Eau non potable», yaani maji yasiyofaa kunywewa, wala maji ya pampu ya kisima au ya tangi la mvua. Wakati wa baridi usitegemee mbinu hii, kwani mabomba mengi hufungwa yasipasuliwe na barafu.