Anahema kwa nguvu ila kifua ni safi: mfikirie DKA (kisukari kilichozidi hadi damu kujaa asidi za ketoni) kabla hujaandika nimonia

Jamani mlioko zamu za usiku, hasa maintern na maCO (maafisa tabibu) wa vituo vidogo, hii ni yenu. Kuna mgonjwa analetwa anahema haraka tena kwa kina, ukimsikiliza kifua hakina kitu, oksijeni 98, ndugu wanasema ana siku 3 anatapika na tumbo linamuuma. Wengi wanakimbilia malaria, nimonia au taifodi, wengine wanamuita daktari wa upasuaji. Kabla ya yote mtoboe kidole umpime sukari. Hata kama hajawahi kuambiwa ana kisukari mpime tu, maana watoto wengi kisukari chao kinagundulika siku hiyohiyo wakiwa wameshazidiwa. Na mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) ikitoka positive isikutulize, maambukizi yoyote yanaweza kuamsha DKA.

Unachotafuta ni sukari zaidi ya 11 mmol/L (mashine ikiandika HI maana yake imepita uwezo wake wa kusoma), ketoni (asidi zinazotokana na mwili kuchoma mafuta) za mkojo 2+ au za damu kuanzia 3 mmol/L, na pH ya damu (kipimo cha asidi) chini ya 7.3. Hakuna mashine ya gesi za damu? Kuhema kule pamoja na sukari na ketoni vinatosha kuanza matibabu. Ila mjamzito, au mtu anayemeza dapagliflozin au empagliflozin (vidonge vya kisukari), anaweza kuwa na DKA na sukari iko karibu na kawaida, huyo pima ketoni hata kama sukari haitishi.

Sasa matibabu. Usikimbilie insulini, anza na maji: mtu mzima normal saline (dripu ya maji ya chumvi) lita 1 ndani ya saa ya kwanza, mwenye moyo au figo mbovu nenda naye polepole.

Halafu potasiamu, na hapa naomba mnisome taratibu kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza watu ambao walikuwa wanapona. Mgonjwa amekojoa na kutapika potasiamu nyingi sana, lakini kipimo kinaweza kusoma kawaida au hata juu, kwa sababu bila insulini ile iliyokuwa ndani ya seli imetoka nje kwenye damu. Ukimpa insulini inarudi ndani kwa kasi, damu inabaki tupu, moyo unasimama. Kwa hiyo potasiamu ikiwa chini ya 3.5 mmol/L insulini isubiri, rekebisha kwanza. Kati ya 3.5 na 5 na mkojo unatoka, weka potasiamu mmol 20 kwenye kila lita ya dripu (ampuli ya KCl, yaani potasiamu kloridi, 15% ya ml 10 ina mmol 20), tikisa dripu ichanganyike, na usiisukume moja kwa moja kwenye mshipa hata siku moja. Ikizidi 5 usiongeze, rudia kipimo baada ya saa 2. Maabara imefungwa? Piga ECG (kipimo cha umeme wa moyo), uangalie mawimbi ya T na mkojo.

Insulini ni ile ya regular, yuniti 0.1 kwa kilo kwa saa. Kama huna pampu, mtu mzima mchome kwenye msuli kila saa, maana aliyekaukiwa maji ile ya chini ya ngozi haifyonzwi vizuri. Sukari ikishuka hadi 14 usizime insulini!! Ketoni bado zipo. Ongeza dextrose 5% kwenye dripu, punguza insulini iwe 0.05, endelea mpaka ketoni ziishe.

Mtoto ni habari nyingine: ml 10 kwa kilo ndani ya saa moja, yanayobaki yaende taratibu kwa saa 24 hadi 48, insulini ianze saa moja baada ya maji na bila dozi ya kusukuma (bolus). Akianza kulalamika kichwa, akasinzia au mapigo yakashuka, ubongo unavimba, mwinue kichwa na mpe mannitol gramu 0.5 hadi 1 kwa kilo papo hapo, usisubiri CT.

Akianza kula mchome insulini ya muda mrefu chini ya ngozi, ile ya mshipa iache iendelee saa 2 ndipo uitoe. Na muulize kwa upole kwa nini aliacha dawa, bila kumgombeza, kwa sababu mara nyingi ni hela iliisha au alidhani asiyekula hapaswi kuchoma, na hilo ni la kumwelekeza yeye na ndugu zake kabla hawajaondoka wodini.