Jinsi ya kusoma ramani ya zamani ya miteremko ya Kilimanjaro

Ukibahatika kupata ramani ya 1:50,000 ya upande wa Machame, Kibosho au Marangu iliyochorwa miaka ya 1960, usikimbilie kutafuta kwenu. Soma kwanza maandishi ya pembezoni, hasa mwaka wa picha za angani, kwa sababu huo ndio mwaka wa hali unayoiona, na huenda ulitangulia sana mwaka wa kuchapwa. Angalia pia kama vimo vimeandikwa kwa futi: futi 5,000 ni mita 1,524 tu, na anayezisoma kama mita ataipeleka migomba ya vijijini karibu na barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima.

Kwa kipimo hicho cha 1:50,000, sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Umbali wa njia upime kwa uzi, ukiulaza juu ya kila kona, kisha unyooshe uzi kwenye rula.

Baada ya hapo fuata maji, maana hapo ndipo ramani hizi zina utajiri wake. Mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, inapokata korongo hujikunja kama herufi V yenye ncha inayoelekea mlimani, na kijito hupita katikati ya ncha hizo. Ukiona mstari mwembamba wa buluu unaoachana na kijito, ukaambaa ubavuni mwa mgongo wa kilima karibu sambamba na kontua, ukishuka polepole mno, huo kwa kawaida ni mfongo, yaani mfereji ambao Wachaga walichimba ili kufikisha maji vihambani (kwenye mashamba ya familia ya migomba). Weka alama ya penseli pale unapoanzia. Hata kama umekauka leo, hapo ndipo pa kuanza kuutafuta.

Ukienda na simu, kumbuka kwamba ramani hizi zinatumia mfumo wa kuonyesha mahali uitwao Arc 1960, ilhali simu inatumia WGS 84. Usipobadilisha mfumo kwenye programu utakosea kwa takriban mita 300, ambazo kwenye karatasi ni milimita 6 tu, lakini uwandani zinatosha kukuweka ng'ambo ya korongo.

Naomba sana mtu asiipeleke ramani hii kwenye shauri la mpaka wa kihamba. Mstari wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 25 za ardhi. Kwa jambo hilo, yatazameni masale yaliyopandwa mpakani, pamoja na wazee wanaoyafahamu.